Chini ya Modesta yuko nani

Teodoro Méndez Acubal aliiokota ile sarafu kwa sababu alikuwa akitembea huku anatazama chini. Wengine walikwishaipita. Ilikuwa imechafuka tope, imefifia kwa kupita mikono mingi, imelala kwenye takataka za barabarani, na wenye mji, watu wanaotembea vichwa juu, hawakuiona. Teodoro si mwenye mji. Ni mwenyeji wa milimani, na mtu wa aina yake akishuka mjini huyateremsha macho. Ndivyo inavyoanza hadithi fupi ya Rosario Castellanos wa Mexico, na jina lake, ukiligeuza kwa Kiswahili, ni Bahati ya Teodoro Méndez Acubal. Msomaji aliyelelewa kwa ngano, kama mimi, hukaa sawasawa kusubiri maskini apate.

Teodoro anaificha sarafu kwenye mshipi wake na anaanza kuchelewa kurudi nyumbani. Siku moja anasimama mbele ya dirisha la duka na kukiona kisanamu cha kauri, cha msichana mchunga kondoo. Kitu kisicholika wala kuvalika. Siku nyingine anarudi kukitazama, na nyingine tena. Ndani ya duka yuko don Agustín Velasco, mwoga aliyezidiwa na mama yake mzazi, na kila Teodoro anaposimama pale, don Agustín anajaa hofu. Mtu wa milimani anatafuta nini kwenye dirisha langu? Mwisho wa yote Teodoro anaingia na kupeleka mkono kiunoni kutoa sarafu yake. Don Agustín anaona mkono umekwenda kiunoni, basi. Anapiga ukelele wa mwizi. Watu wanajaa, Teodoro anapekuliwa, sarafu inaonekana, na kule kuonekana kwake ndio ushahidi kwamba ameiba, maana mtu kama yeye angeipata wapi? Anafungwa, na jalada lake linazeeka rafuni.

Nimeisoma hadithi hiyo mara nyingi kuliko nyingine yoyote katika kitabu kile, na bado inanisumbua palepale. Sentensi ya kwanza ina mabano. Castellanos anasema Teodoro alikuwa akipita mitaani, halafu anafungua mabano kidogo na kutujulisha kwamba alikuwa ameinamisha macho kama ilivyostahili unyonge wake, kisha anayafunga na kuendelea na safari kama hakutokea kitu. Sauti ni ya karani anayejaza fomu. Hakasiriki, hapazi sauti, hamwambii msomaji kwamba hili ni baya. Anaiazima lugha ya mji ule na kuinukuu kwa adabu, na dhuluma nzima imekaa ndani ya yale mabano mawili. Na kwa kuwa hakupiga kelele, msomaji anapita. Mimi nilipita. Ni mpaka nilipofika gerezani na Teodoro ndipo nilipokumbuka kwamba ile sarafu niliifurahia, na kwamba furaha yangu ilitokana na mtu kuinamishwa shingo.

Mambo yote ya hadithi yapo pale mwanzo. Kuinama ndiko kulikompa sarafu. Sarafu ndiyo iliyomwinua kichwa mpaka akaona kuna madirisha ya maduka. Kichwa kuinuka ndiko kulikomwangamiza. Hakuna mtu mmoja katili katika mnyororo huo, hata don Agustín ni mtu wa kuhurumia. Kila mmoja amefanya lile ambalo mji ulimfundisha.

Kitabu kinaitwa Ciudad Real, kilitoka mwaka 1960, kina hadithi 10. Nimekisoma kwa tafsiri ya Kiingereza, na baadaye, polepole, kwa Kihispania changu cha kujifunzia nyumbani usiku. Ciudad Real ni jina la zamani la San Cristóbal de las Casas, mji wa nyanda za juu za Chiapas, kusini kabisa mwa Mexico, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wahispania waliuanzisha mwaka 1528. Uliacha kuitwa Ciudad Real mwaka 1829, na mwaka 1892 ukanyang'anywa hata makao makuu ya jimbo, yakahamia Tuxtla. Castellanos anaandika kuhusu miaka ya karne ya 20, lakini anaurudishia mji jina lake la kikoloni. Mwenye macho ameshaona anachosema: majina yamebadilishwa kwenye ramani, mji umebaki vilevile. Na ulikuwa vilevile kweli. Mpaka katikati ya karne iliyopita mwenyeji wa milimani hakuruhusiwa kutembea kando ya barabara, kwenye njia ya waenda kwa miguu. Njia ile ilikuwa ya watu. Yeye alipita katikati ya barabara, pamoja na punda.

Hapa nina shida ya neno, na naomba niitoe kabla sijaendelea. Kihispania kinawaita watu hawa indio, kosa la Columbus ambalo limeachwa likadumu miaka 500. Kwa Kiswahili Mhindi ni mtu mwingine kabisa, na wengi wetu tumekaa naye mtaa mmoja. "Wahindi wekundu" ni neno la sinema, sitaki kulitia humu. Wao wenyewe ni Watzotzil na Watzeltal, wazungumzaji wa lugha mbili za jamii ya Kimaya, na mji ule wanauita Jobel. Mtu wa upande wa pili wanamwita caxlán, inayotamkwa kashlan, neno lililotoka kwenye castellano, yaani mtu wa Kastilia. Na wale wa upande wa pili wanajiita ladino.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hadithi zote zimesimama hapa. Ladino si lazima awe na rangi ya Kizungu. Anaweza kuwa na uso uleule, nywele zilezile na bibi mmoja na mtu wa milimani. Kinachomfanya ladino ni kwamba anasema Kihispania, anavaa nguo za kidukani, ana viatu. Mpaka kati ya watu na wasio watu ni mwembamba kiasi hicho, unavaliwa asubuhi na kuvuliwa usiku. Ndiyo maana unalindwa kwa nguvu nyingi namna ile. Na wanaoulinda kwa kucha na meno si matajiri. Tajiri hana haja, hakuna atakayemkosea. Anayeulinda ni yule anayekaa juu yake hasa, hatua moja tu kutoka upande wa pili.

Huyo ndiye Modesta Gómez.

Modesta ni ladina, na ni fukara. Alipelekwa kutumika akiwa mtoto, katika nyumba ya wenye nacho, kazi yake ikiwa kumbeba mtoto wa kiume, Jorgito. Kwa Kihispania cha Chiapas msichana wa kazi hiyo huitwa cargadora, mbebaji. Alimbeba mgongoni, alicheza naye, alimsindikiza. Jorgito akakua. Usiku mmoja kijana yule alikwenda alikolala Modesta, na baada ya hapo akaendelea kwenda. Mama yake kijana, doña Romelia, anajua. Anajua na ananyamaza, kwa hesabu yake kwamba ni afadhali mwanawe aendee kwa mtu wa nyumbani kuliko akaokote maradhi nje. Tumbo lilipoonekana, doña Romelia huyohuyo akashangaa, akakasirika, akamtupa Modesta barabarani kama mchafuzi wa nyumba. Castellanos hasemi kwamba mama huyu ni mnafiki. Anamwachia hasira yake ya haki, nzima, bila kuigusa.

Modesta anaolewa na fundi mwashi aliyemkubali na mimba yake. Anaitwa mke wa Gómez, na cheo hicho anakishika kwa mikono miwili. Mume anampiga, anakunywa, anakufa. Mjane anabaki na watoto na njaa, na ndipo anapotafuta kazi ambayo mji ule ulikuwa nayo kwa wanawake kama yeye. Kazi hiyo inaitwa atajadora, maana yake mwenye kukinga njia. Si kazi ya kubuni. Ilikuwepo San Cristóbal, na watafiti waliokwenda huko waliiandika. Alfajiri, kabla ukungu haujainuka, wanawake maskini wa mjini walikuwa wakitoka mpaka kwenye vichochoro vya kuingilia mji na kuwasubiri watu wa milimani wanaoteremka na mizigo ya sokoni: kuku, mayai, kuni, mboga. Waliwarukia, wakawapokonya walichobeba, na kuwatupia senti wanazotaka wao. Kwa hiyo haikuitwa wizi, iliitwa ununuzi.

Hadithi inaanza asubuhi ya kwanza ya Modesta kazini. Anatetemeka kwa baridi. Wenzake wazoefu wanamtazama. Watu wa milimani wanafika, wanawake wanarukiana nao, kila mmoja na wake, na Modesta mgeni anakawia. Kisha anamwona binti mmoja aliyebaki peke yake. Anamrukia. Wanapambana, wanagaragara chini. Binti analia. Mwisho wake Modesta hakupata kitu, kazi ya siku imepotea, watoto nyumbani wanasubiri. Anatazama kucha zake zina damu. Na anaridhika, hajui kwa nini.

Nilipoifika mara ya kwanza hiyo sentensi ya mwisho, nilifunga kitabu nikatoka nje. Nilikuwa nimekaa na Modesta kurasa nyingi, nimemsikitikia kwa kila alichofanyiwa, na nilijua kwa moyo wangu wote kwamba hadithi itamlipa. Imemlipa. Imempa mtu wa kumuumiza. Maisha yake yote kila mtu alikuwa juu yake: doña Romelia, Jorgito, mume, wanawake wazoefu wa kichochoroni. Asubuhi ile, kwa dakika chache, yuko mtu chini yake, na hiyo ndiyo mali pekee ambayo mji umewahi kumgawia. Si ajabu aridhike mikono ikiwa mitupu. Alichokuja kuchukua amekichukua.

Watu wengi husema hadithi za Castellanos ni za kuwatetea wanyonge. Ni kweli, lakini ukiishia hapo umezipunguza. Utetezi wa kawaida humsafisha mnyonge ili apendeke. Yeye hakubali. Katika hadithi iitwayo La tregua, yaani Suluhu ya muda, anayeletwa kama mgeni ni caxlán: mtu mmoja aliyepotea milimani, hoi, karibu kufa, anayemtokea Rominka, mwanamke wa kijijini aliyekwenda kuteka maji. Rominka anamdhania pukuj, pepo mbaya. Kijiji kina njaa na kimeteswa sana na watu wenye sura ile. Wanamuua. Anayeuawa hana nguvu ya kuinua hata mkono, na wanaomuua wameonewa kweli. Castellanos haondoi hata moja ya hizo mbili ili nyingine ipumue. Hapo ndipo ninapomwamini.

Hadithi nyingine nazipitia haraka, ingawa kila moja ingestahili siku yake. Ipo ya kabila la Bolometic, watu wa jagwa, chui yule wa Amerika, ambao waliamini mnyama huyo ndiye roho inayowakinga. Wananyang'anywa ardhi nzuri, wanapandishwa miinuko yenye mawe na baridi, mpaka wanaume wanaishia mbele ya meza ya wakala wa vibarua wa kwenda mashamba ya kahawa ya pwani. Wakala huyo kwa Kihispania ni enganchador, mtu wa ndoana. Anakukopesha kwanza, ndoana inashika, halafu unakwenda kuulipa mkopo kwa mwili wako. Sisi tunalo neno la hao waliokuwa wakivuliwa hivyo kupelekwa mashamba ya mkonge: manamba. Nilipokuwa nasoma hadithi hiyo sikuhitaji kamusi.

Ipo ya kijana Héctor Villafuerte, wa ukoo uliofilisika, asiye na kazi wala nia ya kazi, anayepewa ukatibu wa serikali katika kijiji cha wenyeji. Kila karatasi anayowapa inapigwa muhuri wenye tai, nembo ya Mexico. Muhuri unachakaa. Wenyeji wanaamini kila kiumbe kina mnyama pacha wake anayekilinda, nao wamekwishaelewa kwamba tai yule ndiye pacha wa serikali. Basi Héctor anawaambia tai amekufa. Wanachangishana fedha ili serikali ipate tai mwingine, na kwa fedha hizo Héctor anaanza kuwa mtu. Imani yao haikuwa ya kijinga, walikuwa wameisoma serikali vizuri kuliko yeye. Kwao, pasipo tai yule hapakuwa na karatasi, na pasipo karatasi hawakuwa na pa kusimama.

Na ipo ile ya mzee Daniel Castellanos Lampoy, ambayo mimi huisoma kwa kusitasita. Mzee huyu amepata heshima ya kumtumikia Mtakatifu Margarita kanisani. Ana hofu zake na madeni, na kila siku anaongea na mtakatifu, anamweleza, anamsihi. Mtakatifu hajibu. Msimamizi wa kanisa anamwambia sababu: Margarita haelewi Kitzotzil. Anajua Kihispania tu. Lakini mjini kuna dawa ya chupa, inaitwa aceite guapo, ukiinywa utasema Kihispania. Mzee anaitafuta, anainunua, anainywa, na inapompanda kichwani anaanza kusema na mtakatifu wake maneno yanayomwagika. Wenzake wanamtoa nje ya kanisa. Nimewahi kumsikia mtu mzima akiomba radhi kwa Mungu kwamba hajui Kiarabu. Sikucheka, na kwa mzee Daniel pia sikucheka, ingawa ukurasa ule umeandikwa kwa namna ya kukutega ucheke.

Jina la ukoo la mzee huyo, Castellanos, ni la mwandishi mwenyewe. Vijijini Chiapas majina ya Kihispania yako kila mahali, na huenda hakuna zaidi ya hilo. Mimi siwezi kulisoma bila kusimama.

Maana Rosario Castellanos hakuwa mtu wa nje aliyekuja kuwachungulia. Alizaliwa jiji la Mexico tarehe 25 Mei 1925 lakini alikulia Comitán, Chiapas hukohuko, binti wa wenye mashamba. Mashamba yale yalilimwa na wenyeji. Rais Lázaro Cárdenas, aliyetawala 1934 hadi 1940, alipogawa ardhi upya, familia yake ilipoteza sehemu kubwa ya mali na kuhamia mji mkuu. Mwaka 1948 wazazi wake wote wawili walifariki, akabaki peke yake, maana mdogo wake wa kiume alikuwa amekufa utotoni. Akasoma falsafa. Kisha akafanya jambo ambalo wa tabaka lake hawakulifanya: alirudi Chiapas. Mwaka 1956 na 1957 aliajiriwa San Cristóbal katika kituo cha Instituto Nacional Indigenista, taasisi ya serikali ya mambo ya wenyeji, na kazi yake ilikuwa kuandika michezo ya vikaragosi. Kikaragosi mkuu aliitwa Petul. Kundi lilipanda milimani na Petul, na Petul aliwaeleza watu kuhusu chanjo, usafi, shule. Maneno aliyaandika Castellanos kwa Kihispania, na wachezeshaji, ambao walikuwa wenyeji, wakayapitisha kwenye Kitzotzil na Kitzeltal.

Kitabu cha Ciudad Real amekitabaruku kwa taasisi hiyo. Lakini hadithi za mwisho zinageuka na kuitazama kazi yenyewe ya kusaidia. Yuko nesi Alicia, anayetoka jiji kubwa kwenda kuokoa watu, na kukuta daktari wa zahanati asiyetoa hata maziwa ya mtoto mpaka wazazi walipe, kwa sababu wakipewa bure, anasema, hawatathamini. Mtoto anakufa. Yuko mtaalamu wa mila na desturi anayemsaidia mwanamke aliyejifungua kwenye zizi, anajitolea kumsomesha binti yake, na mama anaelewa kwamba bwana huyu anataka kumnunua mtoto. Mtaalamu anaumia. Anajiuliza alikosea wapi. Castellanos anamwacha ajiulize, na hamkabidhi jibu, kwa sababu mwanamke yule ana uzoefu wa miaka 400 wa mabwana wema wanaowataka mabinti.

Kuna jambo alilolikiri mwenyewe katika miaka yake ya mwisho, alipokuwa balozi wa Mexico nchini Israel na bado anaandika safu katika gazeti la Excélsior. Alieleza kwamba utotoni, kama ilivyokuwa desturi ya familia za wenye mashamba, alipewa mtoto wa kike wa kienyeji awe wake: wa kumbeba, wa kucheza naye, wa kumtumikia. Binti huyo alikaa naye miaka na miaka, mpaka wote wakawa watu wazima. Ndipo akahamia kutumika kwa mwanamke mwingine huko San Cristóbal, na huyo akashangaa sana: ilikuwaje miaka yote ile Rosario hakuwahi kumfundisha kusoma na kuandika? Castellanos akaandika kwamba yeye alikuwa akizunguka vilima na mabonde kama mungu wa kale anayewapelekea watu elimu, na kando yake, ndani ya nyumba yake, mtu alikuwa akiteketea kwa kutojua. Alisema aliona aibu. Alifariki Tel Aviv tarehe 7 Agosti 1974, kwa ajali ya umeme nyumbani, akiwa na miaka 49.

Baada ya kusoma ungamo hilo nilirudi kwa Modesta, mbebaji wa Jorgito, na nikaona nimeisoma vibaya. Nilidhani mwandishi amesimama na Modesta. Kumbe alikuwa ameandika akiwa mgongoni mwake.

Naandika haya kwa sababu na mimi nilibebwa. Kwetu, Dar es Salaam, mama alikuwa mwalimu na hakuweza kukaa nyumbani, na kabla sijajua kutembea alikwishaletwa msichana kutoka bara, wa miaka 13 au 14. Sisi watoto tulimwita Dada. Jina lake nilikuja kulijua kwenye bahasha, maana barua zake za kwao nilimsomea mimi. Nilikuwa darasa la pili, najua kusoma kuliko wenzangu wote, na nilipenda kusifiwa. Nilimsomea haraka haraka. Penye mwandiko mbaya nilirukaruka, yeye asijue, kwa kuwa nilikuwa na michezo ya kuwahi.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa shule. Jioni nilikusanya watoto wa majirani barazani, nikachukua vipande vya chaki ambavyo mama alirudi navyo mkobani, na mlango wa stoo ukawa ubao. Niliandika a, e, i, o, u. Niliandika ba, be, bi, bo, bu. Niliwachapa kwa fimbo ya ufagio waliokosea. Dada alikuwa uani anafua, na wakati mwingine alisimama na beseni akatazama. Kabla mama hajarudi aliuchukua mlango ule na kitambaa kilicholowa, akaanzia juu, akafuta zote, herufi moja moja, mpaka ukatakata. Hayo ninayaona leo kama picha iliyotundikwa mbele yangu. Wakati ule sikuona kitu. Nyumba ilikuwa na mwalimu mmoja wa kweli na mmoja wa mchezo, chaki ilikuwepo, ubao ulikuwepo, na haikutujia hata siku moja.

Mwaka jana mama alipofariki Dada alikuja kutoka Morogoro, ambako ana genge lake la vitunguu na nyanya. Alikaa mpaka siku ya tatu. Usiku wa pili tulibaki wawili jikoni, tunachambua mchele wa kesho, na aliniuliza siku hizi nasoma nini, kama alivyoniuliza kila mara tangu utotoni. Nikamsimulia Modesta Gómez. Nilimsimulia yote, tangu kumbeba mtoto. Nilipofika kwenye usiku wa Jorgito, mikono yake ilisimama juu ya ungo, kisha ikaendelea. Kwa doña Romelia alisonya. Kwa mume mlevi alisema, "Yule naye." Nikafika kichochoroni, kwenye baridi na ukungu, wanawake wanasubiri. Nikamweleza jinsi Modesta alivyomrukia yule binti, jinsi alivyorudi bila kitu, kucha zake zina damu, na jinsi alivyoridhika. Nikanyamaza. Nilisubiri alisemee hilo neno la mwisho, maana kwangu ndilo hadithi nzima.

Dada alipuliza makapi.

"Na yule binti," akasema, "alifika sokoni?"

Nikasema kitabu hakisemi.

"Hakisemi hata kama aliamka pale chini?"

"Hakisemi, Dada."

Aliokota kijiwe, akakiweka pembeni na vingine.

"Hata jina hawakumpa?"

"Hawakumpa."

Akausogeza ungo kwenye mwanga, tukaendelea kuchambua.